Daktari wa familia afunzwe zahanatini, pamoja na timu atakayoiongoza

Ndugu Mhariri,

Tangu Oktoba 2023, Rais wa Kenya alipotia saini sheria nne za afya, ikiwamo Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi, mjadala mwingi magazetini umehusu makato ya asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya, usajili wa SHA (mamlaka inayosimamia bima hiyo) na madeni ya hospitali. Hayo ni mambo mazito na sina nia ya kuyapuuza. Hata hivyo, sheria hiyo ya huduma ya msingi ilibeba jambo jingine ambalo halijajadiliwa inavyostahili: kwamba zahanati na vituo vya afya vya eneo moja viunganishwe na hospitali ya kaunti ndogo kuwa mtandao mmoja, na kwamba wananchi wahudumiwe na timu ya wataalamu wa fani mbalimbali, si na mtu mmoja mmoja aliyejifungia chumbani mwake. Mimi ni muuguzi mstaafu niliyetumikia zahanati na hospitali za Mombasa kwa miaka mingi, na ninalo swali kwa wanaohusika. Daktari anayetarajiwa kuiongoza timu hiyo anafunzwa wapi, anafunzwa na nani, na anapimwa kwa kigezo gani?

Hali ilivyo ni hii. Daktari akimaliza chuo hutumikia mwaka mmoja wa unagenzi katika hospitali iliyoidhinishwa, akizunguka idara kuu za magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi. Anayetaka ubingwa baadaye hurudi masomoni kwa miaka kadhaa zaidi, na muda wake mwingi huishia tena katika wodi za hospitali kubwa. Tiba ya familia, ambayo Chuo Kikuu cha Moi kilianza kuifundisha kama fani ya ubingwa mwaka 2005, na ambayo sasa hufundishwa pia katika vyuo kama Aga Khan na Kabarak, ilikusudiwa iwe tofauti. Lakini hata humo mizani bado imeelemea wodini, na zahanati hubaki kuwa mahali pa kupitia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Daktari mwanafunzi anayekuja kwetu kwa wiki chache hamponyi mwenyeji, kwa sababu anapoanza kuyajua majina ya wagonjwa na kujua ni nani hurudi na ni nani hupotea, barua ya kumhamisha idara inakuwa imeshafika.

Sisemi kwamba wodi haina la kufundisha. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua, au mtoto aliyeshikwa na degedege kwa malaria kali, anahitaji daktari aliyezoea kukabili hatari, na mazoea hayo hayapatikani katika kituo kinachofungwa jioni. Ila wodi hufundisha pia mambo ambayo hayakuandikwa kwenye mtaala wowote. Humfundisha daktari kijana kwamba uamuzi hutoka juu ukishuka chini, kwamba muuguzi ni mtu wa kubeba faili na kutekeleza maagizo, na kwamba mgonjwa akisharuhusiwa kwenda nyumbani basi kazi imekwisha. Nimesimama katika raundi nyingi za madaktari kitanda hadi kitanda, ambamo sisi tuliokesha na mgonjwa hatukuulizwa neno hata moja, na madaktari vijana waliotuzunguka walikuwa wakijifunza kutoka kwa ukimya huo sawasawa na walivyojifunza kutoka kwa mhadhara.

Sasa mpeleke daktari huyo kwenye kliniki ya presha na sukari. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana shinikizo la juu la damu. Maradhi haya hayamalizwi kwa raundi. Mgonjwa atakuja mwezi huu, mwezi ujao na mwaka ujao, naye huenda akaonekana sawa mbele ya daktari ilhali anagawana vidonge na mumewe nyumbani kwa sababu fedha zilitosha dozi ya mmoja. Habari hiyo haimo kwenye faili. Anayo muhamasishaji wa afya ya jamii anayepita nyumba ile, mmoja wa wale takriban 100,000 ambao serikali iliwapa mikoba ya vifaa mnamo Septemba 2023, na ambaye humo mkobani ana mashine ya kupimia presha na ya kupimia sukari. Kama daktari hajawahi kukaa meza moja na mtu huyo wakati wa masomo yake, hataanza kumsikiliza siku atakapokuwa bingwa.

Mfano ninaopenda kuutoa ni wa mwezi wa Ramadhani, ambao kila zahanati ya Mombasa inaujua vyema. Mgonjwa wa sukari aliyeazimia kufunga anahitaji kuonwa mapema. Miongozo ya kimataifa hushauri wiki 6 hadi 8 kabla ya mfungo, ili hatari yake ipimwe na dawa zake zipangwe upya. Anayemeza metfomini peke yake hayumo katika hatari sawa na anayejidunga insulini au anayetumia glibenklamidi, ambayo yaweza kuishusha sukari mno alasiri kabla adhana ya magharibi haijafika. Hayo daktari anayajua kutoka vitabuni. Lakini nani anamfahamu yule aliyeazimia kufunga hata baada ya kukatazwa, na ambaye akiulizwa kliniki atasema hafungi? Ni muhamasishaji wa mtaani kwake. Nani atamwambia kwamba kujipima sukari kwa kudunga kidole hakubatilishi saumu, naye akaamini? Mara nyingi ni imamu wa msikiti wake, au muuguzi anayefunga kama yeye. Nani atazungumza naye juu ya kaimati, tambi za sukari na sharubati ya futari bila kumfanya aone kuwa desturi yake ndiyo inayoshutumiwa? Mtaalamu wa lishe, kama yupo, na kama hayupo ni muuguzi yule yule. Na orodha ya wagonjwa wote wa sukari wa zahanati, ili waitwe tangu Rajabu, miezi miwili kabla ya Ramadhani, badala ya kungojwa waletwe kwa tuktuk wakiwa hawajitambui, iko mikononi mwa karani wa kumbukumbu ambaye hakuna daktari mwanafunzi anayejua hata jina lake.

Halafu Shawwal, mwezi unaofuata Ramadhani, ikifika, kazi iliyobaki ni kuhesabu. Walioitwa ni wangapi, waliokuja ni wangapi, waliozidiwa na sukari kushuka ni wangapi, na ni nani kati yao hakuwa kwenye orodha hapo mwanzo? Hapo ndipo timu inapojua kama ilifanya kazi au ilichoka tu. Daktari anayepitia mzunguko huo mara tatu au nne katika miaka yake ya ubingwa, pamoja na watu wale wale, ataelewa ubora wa huduma kwa namna ambayo semina ya siku mbili hotelini haiwezi kumpa. (Na semina hizo, Ndugu Mhariri, tumezihudhuria za kutosha.)

Wenzetu wa Marekani, ambako mafunzo ya ubingwa nayo yamelaumiwa kwa kuegemea hospitali, walilikabili jambo hili kwa njia inayofaa kutazamwa. Mwaka 2011 idara ya serikali inayowahudumia wanajeshi wastaafu ilianzisha vituo vitano vya mafunzo huko Boise, Cleveland, San Francisco, Seattle na West Haven, ambamo madaktari wanaosomea ubingwa walifunzwa katika kliniki moja na wauguzi wanaosomea ngazi ya juu, na pia wanafunzi wa fani nyingine kama vile famasia na saikolojia. Mafunzo yalijengwa juu ya mambo manne: kuamua pamoja na mgonjwa, kudumisha uhusiano naye, kushirikiana kati ya fani, na kuboresha utendaji kwa kutazama takwimu za kliniki yenyewe. Katika kliniki za namna hiyo, kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia timu hukutana kwa dakika chache, ikapitia majina ya wanaotarajiwa siku hiyo na kugawana kazi. Programu nyingine nchini humo zilibadilisha ratiba, daktari akawa wodini wiki nne mfululizo, kisha wiki nzima ya tano akawa kliniki peke yake, asivutwe huku na simu ya wodi na huku na foleni ya wagonjwa wa nje. Tatizo moja hata huko halijaisha: kila mwaka madaktari wanapohitimu, wagonjwa waliowazoea hukabidhiwa wageni, na baadhi yao hupotelea katikati ya makabidhiano.

Kwa maoni yangu, hilo la ratiba ndilo tunaloweza kuliiga kwa gharama ndogo na kwa faida kubwa, maana halihitaji jengo wala mashine. Linahitaji wakuu wa idara wakubali kwamba siku ya zahanati haifutwi kila wodi inapopungukiwa na mikono. Najua hilo ni gumu. Wodi zetu hupungukiwa na mikono kila siku, na daktari anayesomea ubingwa ndiye mkono wa karibu zaidi.

Yaliyobaki ya Marekani hayafai kunakiliwa yalivyo, kwa sababu kule timu hujengwa kumzunguka daktari aliye kliniki kila siku, ilhali zahanati zetu nyingi hazina daktari kabisa. Anayepokea, anayechunguza, anayeandika dawa na mara nyingi anayezitoa dirishani ni muuguzi au tabibu (yaani afisa wa kliniki, ambaye si daktari). Daktari wa familia katika mtandao wetu atakuwa na zahanati kadhaa chini ya uangalizi wake, na hataonana na wagonjwa wengi kwa macho yake. Wataalamu wa tiba ya familia barani Afrika wameyaeleza majukumu yake kuwa sita, yaani kutibu, kuwa mshauri wa wanaotibu, kuwajengea uwezo, kufundisha, kusimamia ubora, na kuielekeza huduma kwenye jamii nzima. Hesabu mwenyewe ni mangapi kati ya hayo yanayofundishwa kando ya kitanda cha wodi. Kitendo kidogo tu kama kupokea simu ya muuguzi wa zahanati mwenye shaka kuhusu mjamzito mwenye presha, kumsikiliza hadi mwisho, kumpa uamuzi ulio wazi, na kumpigia tena kesho kuuliza iliishaje, ni ujuzi unaohitaji kufundishwa na kupimwa. Sisi tuliopiga simu za namna hiyo tunajua tofauti kati ya daktari aliyejifunza kuzijibu na yule anayekufanya ujute kuuliza.

Kwa mfano ulio karibu zaidi na hali yetu, heri kuiangalia Brazili, ambayo tangu 1994 imejenga huduma yake ya msingi juu ya timu za afya ya familia zenye daktari, muuguzi, msaidizi wake na wahudumu kadhaa wa jamii, kila timu ikiwa na eneo na watu wake wanaojulikana. Kuba nayo ilianza mpango wake wa daktari na muuguzi wa familia mwaka 1984. Serikali yetu iliuona uzuri wa jambo hilo, ndiyo maana mwaka 2018 ilipeleka madaktari 50 nchini Kuba kusomea tiba ya familia. Siwalaumu waliokwenda, na nina hakika walijifunza mengi. Ila sehemu ya thamani zaidi ya mafunzo ya Kuba ni kwamba daktari hufunzwa katika mtaa atakaoutumikia, akiwa na muuguzi wa mtaa huo. Hiyo haiwezi kupakiwa kwenye begi ikaletwa Mombasa. Ukimfunza daktari wa Likoni mbali na Likoni, utakuwa umemfunza tiba tu, na timu ataikuta bado mpya kwake.

Kuhusu ubora, nchi yetu haina upungufu wa miongozo. Tangu 2011 tunao mwongozo wa kitaifa wa ubora wa huduma za afya unaotaka kila kituo kiwe na timu ya kuboresha kazi. Njia yenyewe ni rahisi kuieleza: panga badiliko dogo, litende, chunguza matokeo, rekebisha, kisha anza tena. Ugumu uko kwamba takwimu katika zahanati hukusanywa ili zipelekwe juu. Mwisho wa mwezi muuguzi hujumlisha rejista hadi usiku, fomu zinakwenda, na hakuna anayerudi kumwambia zilisema nini. Upande wa daktari anayesomea ubingwa nao una kasoro yake: utafiti wake wa mwisho huandikwa, hutetewa, hufungwa kwa jalada zuri na kuwekwa kabatini, na kituo alichofanyia utafiti huo hubaki kama kilivyokuwa.

Napendekeza apewe orodha ya watu. Tuseme kaya zinazohudumiwa na wahamasishaji watatu, ambao kila mmoja ana takriban kaya 100, ziwe chini yake na timu yake tangu mwaka wa kwanza wa ubingwa hadi wa mwisho. Apimwe kwa yale yanayowapata watu hao: wenye presha wangapi wamefika chini ya 140 kwa 90, wajawazito wangapi wamefikia mahudhurio manane yanayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, waliokosa kliniki wangapi walifuatwa na kupatikana. Hapa pana hatari mbili ambazo mtu aliyefanya kazi hii hawezi kunyamaza nazo. Namba zikifanywa kuwa mtihani, zitapikwa; presha ya 158 itaandikwa 138 na hakuna atakayejua. Na dawa zikikosekana kwa miezi miwili, si haki daktari mwanafunzi aanguke kwa kosa la ugavi. Kwa hiyo anachopaswa kutetea mbele ya watahini ni maelezo ya namba yake, yaani ilipanda au kushuka kwa sababu gani, na timu ilijaribu nini, hata kama walichojaribu hakikufaulu.

Suala la malipo siwezi kulikwepa. Mgomo wa madaktari uliodumu tangu Machi 14 hadi Mei 8, 2024 ulichochewa kwa kiasi kikubwa na malipo ya wanagenzi, ambao serikali ilitaka kuwalipa Sh70,000 badala ya Sh206,000 zilizotokana na mkataba wa 2017. Daktari anayesoma huku hana hakika ya mshahara atatafuta kliniki ya kibinafsi ya kufanyia kazi usiku, na asubuhi hatakuwa na nguvu ya kikao cha timu. Yeyote anayezungumzia mafunzo bora bila kutaja hilo anajidanganya.

Kwa Mombasa, ushauri wangu ni kuanza na mtandao mmoja badala ya kutangaza mpango wa kaunti ndogo zote sita kwa siku moja. Naipendekeza Likoni. Iko ng'ambo ya kivuko, na kila rufaa ya kuja kisiwani ina gharama ya muda ambayo mgonjwa mahututi hana, kwa hiyo ubora wa huduma ya msingi upande ule una uzito wa pekee. Hospitali ya kaunti ndogo ipo, na zahanati na vituo vya afya vipo. Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi wetu tutaendelea kuiita Makadara, ibaki kuwa mahali pa kujifunzia yale ambayo ni wodi tu inayoweza kuyafundisha. Chuo kitakachokubali kuleta madaktari wake kiwekeane mkataba na serikali ya kaunti kwamba kila mmoja atakuwa na zahanati yake ile ile kwa siku isiyopungua moja kila wiki katika miaka yote ya masomo, na wiki nzima kila anapomaliza zamu ndefu ya wodi. Wanafunzi wa uuguzi na wa utabibu kutoka KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba kilichopo hapa hapa Mombasa, waingizwe kliniki hizo hizo, siku hizo hizo, wazungumze juu ya mgonjwa mmoja pamoja badala ya kila fani kufunzwa katika kona yake na kukutanishwa kazini baada ya tabia kushakauka.

Katika kumtahini daktari huyo, muuguzi msimamizi wa zahanati, tabibu na muhamasishaji wa jamii wawe na sauti yenye alama ndani yake. Natarajia baadhi ya maprofesa wataliona pendekezo hili kuwa utovu wa adabu. Nami nawauliza ni nani mwingine anayeweza kushuhudia kama daktari alirudisha simu, kama alimsahihisha mwenzake faraghani au mbele ya wagonjwa, na kama alifika siku ya kliniki mvua ikinyesha.

Mwisho, kazi hiyo ya kufundisha na kutahini ihesabiwe kuwa kazi. Kwa miaka mingi wauguzi wamewafundisha wanagenzi kutafuta mshipa, kusoma chati ya uchungu wa uzazi na kuzungumza na mama aliyefiwa na mtoto, bila saa moja kutengwa kwa ajili hiyo wala shilingi moja kuongezwa. Muhamasishaji wa jamii naye anapokea posho ya Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, na tayari ana kaya zake za kutembelea. Mkataba nilioutaja uwe na kifungu kinachosema ni saa ngapi kwa wiki muuguzi na tabibu wa zahanati ya mafunzo wataondolewa kwenye foleni ili wafundishe, ni nani atakayeshika nafasi zao saa hizo, na muhamasishaji ataongezewa kiasi gani kwa siku anazozunguka na daktari mwanafunzi. Kifungu hicho kiandikwe na kutengewa fedha katika bajeti ya kaunti kabla daktari wa kwanza hajavuka feri.

Muuguzi mstaafu,
Mombasa